Kura 494 za Mbeere na Wanaodai Mlima Umesema

Uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, katika Kaunti ya Embu, ulifanyika tarehe 27 Novemba 2025. Bw Leo Wamuthende wa chama tawala cha UDA alipata kura 15,802, naye Bw Newton Kariuki, anayejulikana zaidi kama Karish, aliyewania kwa tikiti ya Democratic Party, akapata 15,308. Tofauti ni kura 494. Kabla wino haujakauka kwenye fomu za matokeo, tulikwisha kuambiwa kwamba Mlima Kenya umesema.

Wa serikali walidai kwamba Bw Rigathi Gachagua, aliyeondolewa katika wadhifa wa Naibu wa Rais mnamo Oktoba 2024, ameonyeshwa kwamba Mlima haumo mfukoni mwake. Wa upinzani nao wakajibu kwamba Naibu wa Rais Prof Kithure Kindiki alipiga kambi katika eneobunge moja, na vyombo vyote vya dola nyuma yake, na bado nusura ashindwe. Kila upande ulizichukua zile kura 494 ukazipeleka ulikotaka. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilikuwa zikisoma kisichoandikwa.

Mimi ni mwalimu wa somo la Historia na Serikali, na ninaishi Majengo mjini Nyeri. Nalitaja hili la pili kwa makusudi. Miji mingi ya huku kwetu ina Majengo yake: Nanyuki ina lake, Meru ina lake, Embu vilevile. Ni mitaa iliyoanza zama za ukoloni, pale ambapo Mwafrika ambaye hakuwa na shamba karibu na mji aliruhusiwa kujenga. Humu wanakaa Wakikuyu na Wameru, Waswahili na Wanubi, Waislamu na Wakristo, mpagazi wa sokoni na karani wa kaunti. Mtu aliyekulia katika mtaa kama huu husita anaposikia kwamba Mlima mzima umesema neno moja. Mlango wa pili kutoka kwangu wamesema jingine.

Hata hivyo siwezi kudai kwamba uchaguzi mdogo hauna uzito. Una uzito mkubwa, na sisi wa Nyeri tumeuona ukiwaangusha watu ambao majina yao hayakuwamo hata katika karatasi ya kura. Turudi nyuma hadi mwaka 2021.

Wakati huo Rais alikuwa Bw Uhuru Kenyatta, na chama chake kilikuwa Jubilee. Tangu kupeana mkono na hayati Raila Odinga tarehe 9 Machi 2018, Rais na Naibu wake, Dkt William Ruto, walikuwa wakivutana, na wanasiasa wa Mlima walikuwa wamegawanyika makundi mawili, Kieleweke waliomfuata Rais na Tangatanga waliomfuata Naibu. Kila kundi lilidai kuwa na watu. Hakuna aliyejua ukweli, kwa kuwa watu wenyewe walikuwa hawajaulizwa. Kisha viti viwili vya ubunge vikabaki wazi katika Kaunti ya Kiambu, nyumbani kwa Rais mwenyewe, baada ya wabunge wa Juja na Kiambaa kufariki.

Juja walipiga kura tarehe 18 Mei 2021, siku tano tu baada ya Mahakama Kuu kuutupilia mbali mpango wa kuibadilisha Katiba uliojulikana kama BBI. Jubilee ilimsimamisha Bi Susan Waititu, mjane wa marehemu mbunge. Aliyeshinda ni Bw George Koimburi wa chama kidogo cha PEP, kilichoungwa mkono na Bw Moses Kuria. Alipata kura 12,159 dhidi ya 5,746 za Bi Waititu, yaani zaidi ya maradufu. Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Julai, ikawa zamu ya Kiambaa. Huko Jubilee ilijitahidi kwa kila hali, na kura zilipojumlishwa katika Shule ya Upili ya Karuri, Bw John Njuguna Wanjiku wa UDA alikuwa na 21,773 na Bw Kariri Njama wa Jubilee 21,263. Tofauti ilikuwa kura 510.

Watu wengi wanakumbuka Kiambaa kana kwamba hizo kura 510 ndizo zilizoiangusha Jubilee. Msomaji atafakari kidogo. Katika eneobunge lenye wapigakura elfu kadhaa waliogawanyika karibu nusu kwa nusu, hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba Rais amekataliwa. Alichoweza kusema ni kwamba Rais amepata karibu nusu ya kura nyumbani kwake. Tena siku hiyohiyo, katika wadi ya Muguga ambayo pia iko Kiambu, mwaniaji wa Jubilee aliibuka mshindi kwa kura zisizotimia 30. Nani anaikumbuka Muguga leo? Haikumsaidia yeyote, maana hakuna aliyekuwa tayari kuisikia.

Mabadiliko makubwa yalitokea katika mioyo ya wanasiasa. Kuku akiona kivuli cha mwewe hangoji kumwona mwewe mwenyewe. Wabunge na madiwani ambao hadi Julai walikuwa wakisitasita, mguu mmoja Jubilee na mwingine nje, waliutoa ule uliokuwa ndani. Waliotarajia kuwania ugavana mwaka uliofuata walianza kuitafuta tikiti ya wilbaro. Matajiri wa kugharamia kampeni walifanya hesabu zao upya. Kila aliyehama alimfanya aliyebaki aonekane mjinga, na hofu hiyo ikazaa uhamaji zaidi. Mkulima wa kahawa wa Tetu au mwenye kibanda cha mboga wa Majengo huenda alikuwa bado anapima. Lakini kufikia wakati wa kupiga kura Agosti 2022, alikuta kwamba karibu viongozi wote aliowajua walikuwa wamekwisha kuvuka mto.

Waliobaki ng'ambo ile walilipa. Bw Ngunjiri Wambugu, mbunge wetu wa Nyeri Mjini na mojawapo ya sauti kuu za Kieleweke, alishindwa na Bw Duncan Mathenge wa UDA. Kule Kieni Bw Kanini Kega, ambaye alikuwa na sauti kubwa katika bunge lile, alishindwa na Bw Njoroge Wainaina, naye pia wa UDA. (Bw Kega baadaye alipata kiti katika Bunge la Afrika Mashariki, kwa hivyo si kila aliyeanguka alifika chini.) Gavana Mutahi Kahiga, ambaye aliuona upepo mapema, alirudi ofisini kwa wilbaro. Katika kura ya urais, Dkt Ruto alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura za Kaunti ya Nyeri, ijapokuwa mwaniaji mwenza wa Bw Odinga alikuwa Bi Martha Karua, binti wa Kirinyaga.

Sasa kuna wanaosema: hayo ndiyo tuliyowaambia. Kiambaa ilitabiri 2022, basi Mbeere imetabiri 2027. Hoja hii inavutia, na nimewasikia hata walimu wenzangu wakiitoa katika chumba cha walimu kwa uhakika wa mtu anayefundisha jedwali la kuzidisha. Kosa lake ni kwamba inachagua mfano mmoja uliotimia na kuusahau mwingine ambao haukutimia. Na huo mwingine pia ni wa huku kwetu.

Tarehe 20 Septemba 2010 ulifanyika uchaguzi mdogo katika Juja hiyohiyo. Korti ilikuwa imebatilisha ushindi wa Bw George Thuo wa PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki. Bw William Kabogo alimshinda Bw Thuo kwa tikiti ya Narc-Kenya, chama kilichoongozwa na Bi Karua. Siku hiyohiyo, Makadara jijini Nairobi, kijana ambaye wengi hawakuwa wakimfahamu, Bw Gideon Mbuvi, yule Sonko, alishinda pia kwa tikiti ya chama hicho hicho. Chama kidogo kimewashinda wakubwa mara mbili kwa siku moja! Wakati ule wengi walikuwa na hakika kwamba nyota ya Bi Karua imeng'aa. Yeye alikuwa mwanamke jasiri, aliyejiuzulu uwaziri mwaka 2009 kwa hiari yake, na sasa alionekana kuwa na chama chenye miguu. Wapo waliomhesabu kuwa mrithi wa Rais Kibaki katika siasa za Mlima.

Machi 2013 ilipofika, Bi Karua aliwania urais na kupata kura 43,881 katika nchi nzima, ambapo waliopiga kura walizidi milioni 12. Bw Kabogo alikuwa amehamia TNA ya Bw Kenyatta akawa gavana wa Kiambu. Bw Mbuvi naye alihamia huko huko akawa seneta wa Nairobi. Ule ushindi wa 2010 ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa wao. Walipohama waliubeba, wakamwachia Bi Karua chama kama nyumba ambayo wapangaji wameondoka na taa.

Basi tofauti kati ya 2010 na 2021 ni nini? Sioni kwamba ni idadi ya kura, kwa kuwa ushindi wa Kiambaa ulikuwa mwembamba kama uzi. Nionavyo mimi, mwaka 2021 palikuwa na jambo lililokwisha kuiva katika jamii: uchovu baada ya ugonjwa wa Korona na kufungwa kwa biashara, bei duni za mazao, na hasira ya watu waliohisi kwamba walipiga kura mara mbili mwaka 2017 kisha wakaambiwa waliyempinga sasa ni rafiki. Uchaguzi mdogo haukuianzisha hasira hiyo. Uliwapa wanasiasa kibali cha kuifuata. Mwaka 2010 hapakuwa na kitu kama hicho nyuma ya Narc-Kenya. Palikuwa na wawaniaji wawili hodari waliohitaji chama kwa siku moja. Mtu anayetaka kujua Mbeere ni ya aina gani hana budi kuuliza ni nini kimeiva huko, na swali hilo halijibiwi na jumla ya kura.

Na Mbeere ni mahali pagumu pa kutabiria Mlima mzima. Wambeere wana lugha yao na historia yao, na ardhi yao ya chini ni kavu, si ile ya chai na kahawa iliyo juu. Zao linalowalisha na kuwasomeshea watoto ni muguka, ambayo mwaka 2024 ilipigwa marufuku na kaunti za Mombasa na Kilifi. Mkulima wa huko alipoingia katika kituo cha kura huenda alikuwa akifikiria soko la Pwani kuliko ugomvi wa Bw Gachagua na Rais. Mwaniaji wa tatu, Bw Duncan Mbui wa Chama cha Kazi, alipata zaidi ya kura 2,000, idadi inayozidi mno ile tofauti ya 494. Kura zake hazikuhesabiwa katika hadithi yoyote niliyoisikia. Aidha kiti chenyewe hakikuwa cha UDA mwaka 2022. Bw Geoffrey Ruku alikishinda kwa tikiti ya Democratic Party, kisha Rais akamteua kuwa Waziri mwaka 2025 baada ya kumfuta kazi Bw Justin Muturi, ambaye chama hicho ndicho alichokiongoza.

Hapa ndipo chaguzi zetu ndogo zinapotofautiana na zile za Marekani, ambazo wanafunzi wangu huniuliza juu yake kila wanapozisikia redioni. Wamarekani wana uchaguzi wa katikati ya muhula wa rais. Tarehe yake imewekwa na sheria, na viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hupigiwa kura pamoja na takriban theluthi moja ya Seneti. Rais hawezi kuuchagua uwanja. Sisi hungoja mtu afariki, au korti ibatilishe, au Rais amteue mbunge kuwa waziri na hivyo kuunda nafasi yeye mwenyewe. Kwa hivyo swali linaulizwa kwa watu wachache ambao bahati au mamlaka imewachagua, halafu jibu lao hutangazwa kuwa la wote.

Lakini hata Marekani, ambako uchaguzi huo ni wa nchi nzima, utabiri huvunjika. Mwaka 1994 chama cha Rais Bill Clinton kilipoteza Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza katika miaka 40, na wajuzi wakamwandikia tanzia. Mwaka 1996 alichaguliwa tena. Mwaka 2010 chama cha Rais Barack Obama, ambaye sisi tunamwita wetu kila inapotufaa, kilipoteza viti 63 katika baraza hilo. Mwaka 2012 naye alichaguliwa tena. Walioshinda katikati walidhani wamepewa nchi, wakapita kiasi. Walioshindwa walishtuka wakajirekebisha. Matokeo yenyewe yalichangia kujikanusha.

Mfano mzito zaidi, na ambao hufundishwa kwa haraka mno katika shule zetu, ni ule wa Juni 1966. Aprili ya mwaka huo Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais akaunda chama cha KPU, na wabunge kadhaa wakamfuata. Bunge likapitisha upesi sheria iliyowalazimu waliohama chama kurudi kwa wapigakura. Viti 29 vya mabaraza mawili ya Bunge vikapigiwa kura kwa pamoja, ndiyo maana watu wakauita Uchaguzi Mkuu Mdogo. KPU iliambulia viti tisa. Katika Kandara, Murang'a, Bw Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria, mtetezi wa wasio na ardhi na makamu wa kiongozi wa KPU, alishindwa na Bw Taddeo Mwaura wa KANU.

Tazama kilichofuata. Bw Kaggia hakuangushwa peke yake. Hoja yake ya ardhi ya bure kwa maskini na kwa wapiganaji wa msituni, hoja ambayo ilikuwa ya Nyeri na Murang'a kabla ya kuwa ya mahali pengine popote, iliondoka pamoja naye katika siasa za Mlima. Viti vilivyobaki mikononi mwa KPU vilikuwa hasa vya Nyanza, na tangu hapo ikawa rahisi kuwaambia watu kwamba upinzani ni jambo la Wajaluo. Mei 1969 KPU ilishinda uchaguzi mdogo wa Gem. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo ilikwisha kupigwa marufuku. Ramani ya kisiasa ambayo wanafunzi wetu huiona kuwa ya asili, kana kwamba ilichorwa na Mungu pamoja na mito na vilima, ilichorwa kwa sehemu kubwa katika juma chache za 1966. Viti 29 tu, na athari zake tunazihesabu mpaka leo.

Nimelitaja hilo kwa sababu linanipa wasiwasi wa kweli kuhusu Mbeere. Siogopi kwamba UDA imeshinda, wala singeogopa kama ingeshindwa. Ninachoogopa ni tafsiri ikiachwa ifanye kazi ambayo kura hazikuifanya. Viongozi wa Mlima wakiamini kwamba mambo yamekwisha, watahama kwa wingi kuelekea upande mmoja, na mwananchi ataletewa meza yenye sahani moja, kisha ataambiwa amechagua chakula.

Kuna upande mwingine wa chaguzi hizi ambao hauna uhusiano na utabiri, nao unamgusa mtu wa Majengo moja kwa moja. Kila uchaguzi mdogo unapotangazwa, serikali hukumbuka njia. Mbeere Kaskazini waliahidiwa umeme, barabara na maji, na mawaziri ambao hatujawahi kuwaona wakipita Nyeri kwa miguu walikuwa huko wakila na wanakijiji. Siwaonei wivu, ni Wakenya na wanastahili. Ila nauliza: kama serikali inaweza kuyafanya hayo ndani ya majuma sita ikiwa na hofu, kwa nini haiwezi kuyafanya katika miaka mitano ikiwa na utulivu? Mitaro ya mtaa wetu haijawahi kupata bahati ya kuwa karibu na kiti kilicho wazi.

Hata msiba wa kisiasa hautuletei. Nyeri tulimzika Gavana Nderitu Gachagua mapema mwaka 2017, kisha Gavana Wahome Gakuru aliyefariki katika ajali ya barabarani Novemba mwaka huohuo. Mara zote mbili Katiba ya 2010 ilimpa naibu gavana kiti, kwa hivyo hatukurudi debeni. Sisemi ni kanuni mbaya; inaokoa fedha na fujo. Nasema tu kwamba bahati ya kuogopwa na serikali haigawanywi kwa haki. Waulize watu wa Banissa, Kaunti ya Mandera. Mbunge wao alifariki Machi 2023. Sheria inataka kiti kijazwe ndani ya siku 90 tangu kinapobaki wazi. Lakini tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, kwa hivyo Banissa walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila mbunge, wakapiga kura siku moja na Mbeere. Magazeti yalijaa Mbeere. Banissa ilipata mistari michache.

Nimeyaleta haya yote darasani, maana ndiko yanakoniumiza. Wanafunzi wetu wa vidato vya juu wametimiza au wanakaribia kutimiza miaka 18. Baada ya Mbeere niliwasikia baadhi yao wakisema kwamba hakuna haja ya kuchukua kitambulisho na kujiandikisha kupiga kura, eti 2027 imekwisha kuamuliwa. Wengine waliokuwa upande wa pili walisema jambo lilelile kwa sababu nyingine: kura huibwa, kazi ya nini? Washindi na washindwa walifika nyumba moja kwa njia mbili. Kwa mtoto wa Majengo hili lina uchungu wa ziada. Kwa miaka mingi vijana wa Kinubi na wa jamii nyingine za Waislamu katika nchi hii walifikishwa mbele ya majopo na kuhojiwa kuhusu babu na nyanya zao kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzao wa kijijini alikichukua kwa chifu bila maswali. Mzee aliyehangaika hivyo kupata kadi ya kura hawezi kuelewa mjukuu wake anayeiacha kwa sababu ya matokeo ya eneobunge ambalo hajawahi kulikanyaga.

Kwa hiyo niliacha hotuba, nikaandika ubaoni takwimu za Mbeere na za Kiambaa, nikawaomba wanihesabie jambo moja tu: ni watu wangapi wangelazimika kubadilisha mawazo ili mshindi awe mshindwa? Walimu wenzangu wanaweza kulifanya zoezi hili kwa dakika tano, na mwalimu wa hisabati hatalalamika. Ukigawanya tofauti kwa mbili na kuongeza mmoja, jibu la Kiambaa ni watu 256. La Mbeere ni 248. Miaka minne kati yake, vyama tofauti, serikali tofauti, aliyekuwa mamlakani akishindwa huku na kushinda kule, na matokeo yote mawili yameshikiliwa na watu ambao wangeketi katika madarasa matano ya shule yetu.

Darasa lilinyamaza kidogo. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza Kidato cha Nne chetu kina wanafunzi wangapi. Kiranja alikwenda ofisini kuangalia rejista. Walikuwa 231. Akauliza tena ni wangapi kati yao wenye vitambulisho. Hilo rejista haikuwa nalo, kwa hivyo tuligawa karatasi, tukaanza kuandika majina.